UZI: Mikutano ya AA Nairobi, kuanzia simu ya kwanza hadi mkutano wa pili

KaraniWaJioni

Maswali ya mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe) yametawanyika kwenye nyuzi za afya, za ndoa na hata za kazi. Majibu mengi huishia "nenda AA", bila kusema AA iko wapi, unaingiaje na ukishaingia unafanya nini. Tuyakusanye hapa. Anayejua aongeze.

La kwanza kabisa: usitafute mkutano unaosifiwa. Tafuta ule utakaoufikia Jumanne mvua ikinyesha na mfuko ukiwa mwepesi. Wengi wanaoacha kuhudhuria hawaachi kwa kuuchukia mkutano. Wanaacha kwa sababu mkutano uko Karen, wao wako Kayole, na hapo kati kuna matatu mbili na foleni ya kuvuka mji. Matatu zetu karibu zote huingia tao, yaani katikati ya jiji, ndipo zitoke, kwa hiyo mkutano wa tao, saa ya chakula cha mchana au baada tu ya kazi, unamfaa mtu wa Umoja, wa Rongai na wa Githurai kwa pamoja. Mkutano wa mtaani uweke wa wikendi, siku ambayo uko nyumbani.

Kuupata kuna njia tatu. Piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni bure na inashikwa usiku na mchana. Sema wazi unachotaka: "Natafuta kikundi cha AA karibu na mtaa fulani, si kituo cha kulazwa." Usipotaja hivyo mazungumzo huelekea kwenye rihabu, na hilo ni jambo jingine lenye gharama zake. Njia ya pili ni orodha ya AA Kenya yenyewe mtandaoni. Ya tatu husahaulika na mara nyingi ndiyo ya haraka: kumbi nyingi zinazotumika ziko ndani ya viwanja vya makanisa, na karani wa ofisi ya parokia anajua ukumbi umeshikwa na nani siku gani. Ukiuliza "kile kikundi cha AA hukutana siku gani?" hakuulizi wewe ni nani.

Orodha yoyote ichukue kama fununu mpaka upige simu. Kumbi hubadilika, wiki ya Pasaka kanisa huchukua vyumba vyake, na tangu 2020 ipo mikutano iliyohamia Zoom ikabaki huko huku anwani ya zamani ikiendelea kuonekana. Piga siku ileile, kabla ya kupanda gari. Uliza kama leo upo, ni wa wazi au wa ndani, mlango ni upi, na unaisha saa ngapi. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua utapata gari la kurudi kwa nauli gani.

Wa wazi huingia yeyote, hata ndugu, mwanafunzi au mshauri. Wa ndani ni wa mwenye shida ya pombe pekee. Mgeni anayetaka kuacha anaingia kote kuwili, kwa kuwa sharti la AA ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada wala fomu.

NesiWaZamu

Karani, kabla hatujafika mkutanoni niruhusu niweke hili juu, kwa sababu linaua.

Mtu anayekunywa kila siku kwa wingi, hasa yule ambaye lazima atoe loki, yaani anywe tena asubuhi, ndipo mikono itulie, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani ati mkutano ni Alhamisi. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo na homa kali mara nyingi huja kati ya saa 48 na 96, yaani siku ambayo familia imeshapumua ikidhani amepona.

Wa kupelekwa hospitali kwanza ni hawa: aliyewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha zamani, mwenye kifafa, mjamzito, mzee, na yule ambaye amekaa wiki nyingi bila kula vizuri. Mkifika kaunta ya dharura msiseme "ana malaria" kwa aibu. Semeni anakunywa kila siku, anakunywa nini, na cha mwisho alikunywa saa ngapi. Saa hiyo ndiyo tunayoitumia kukadiria atafika wapi usiku. Ukijua kwamba amekuwa akinywa bila kula, taja pia, kwa sababu anahitaji thayamini (vitamini B1), na anatakiwa aipate kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Glukosi ikitangulia peke yake, ubongo wa mtu aliyeishiwa thayamini unaweza kudhurika.

Tafadhali msinunue vidonge vya usingizi kwa kemia mkampa nyumbani. Diazepamu hospitalini hutolewa kwa kipimo na mgonjwa akiangaliwa pumzi. Ikikutana na pombe iliyobaki mwilini, mtu hulala akasahau kupumua.

Hospitali za Mathari, pale Barabara ya Thika, na Kenyatta zinahudumia hali hizi. Mkutano utamngoja. Akitoka hospitali aende siku hiyohiyo akiweza.

FundiKayole

Ahsante sista, hilo wengi hawalijui.

Swali langu ni la ndani ya chumba. Mtu wa kazi ya mikono, Kiingereza chake ni cha kuombea maji, atakaa vipi na watu wa maofisi? Na analazimishwa kusimama aseme?

KaraniWaJioni

Fundi, halazimishwi. Chumba huwa hivi: viti vimepangwa duara au safu, meza mbele ina vitabu na kikapu. Kiongozi wa siku, na huwa wanapokezana, anasoma utangulizi, mwingine anasoma Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe, kisha ama mtu mmoja anasimulia kwa kirefu au wanachukua mada na kila mmoja anasema dakika chache. Anayesema huanza kwa jina la kwanza tu, "Naitwa fulani, mimi ni mlevi," na chumba kinamwitikia kwa jina. Zamu ikikufikia unaweza kusema: "Naitwa fulani, leo nimekuja kusikiliza." Inatosha kabisa, na hakuna atakayekuchimba.

Kinachowashangaza wageni ni kwamba hakuna kujibizana. Sisi tumezoea vikao ambavyo ukitoa shida yako wazee watatu wanakushauri na shangazi anakukemea. Kule anayefuata hakwambii ufanye nini, anasema yake. Mwanzoni mtu huona kama hajasikilizwa. Lakini utaratibu huo ndio unaomfanya aliyekunywa jana aweze kulisema bila kuogopa hukumu.

Lugha: mikutano ya tao huwa na Kiingereza kingi kilichochanganywa na Kiswahili, ya mitaani ni Kiswahili na Sheng. Popote pale unaruhusiwa kusema kwa Kiswahili chako. Ukihisi wa kwanza umekupita kando, usihukumu AA yote kwa chumba kimoja. Nenda kwenye vikundi vingine viwili vitatu, kila kimoja kina tabia yake.

Kikapu kikizunguka, mgeni anakipitisha tu. Kile ni cha wenyeji, hulipa ukumbi, chai na vitabu.

Baada ya muda wa saa moja au saa moja na nusu, wanafunga kwa Sala ya Utulivu. Hapo sasa ndipo kosa kubwa linapotokea: mgeni amekaa karibu na mlango, sala ikianza anateleza nje. Nusu ya faida ya mkutano iko kwenye robo saa inayofuata, wakati wa chai, kwa sababu hapo ndipo namba za simu zinatolewa.

BintiWaZiwani

Kuna mahali mnaparuka, na ndipo watu wanaporudi nyuma: getini.

Nairobi hii kila jengo na kila kanisa lina askari na kitabu. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakwenda wapi, saa. Kalamu imefungwa kwa uzi, na juu ya mstari wako kuna majina ya watu watano waliotangulia. Mtu aliyejikaza siku tatu anafika hapo, anaona ile safu ya "unakwenda wapi", anageuka.

Andika "ukumbi" au "mkutano". Si uongo na askari hahitaji zaidi. Akisisitiza, mtajie jina la jengo dogo au chumba ulichoambiwa kwenye simu, ndiyo sababu ya kuuliza mlango. Bora zaidi, unapopiga simu mchana omba mtu akupokee getini. Ni ombi la kawaida sana na huwa wanalifurahia. Mwambie utavaa nini, basi.

Fika dakika kumi au kumi na tano mapema. Ukiingia katikati wote wanakuangalia, na ukifika nusu saa kabla utakuta kufuli, utasimama barabarani. Na barabarani saa hizo kuna nini? Sheria ya vileo ya 2010 inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na mikutano mingi ya jioni huanza dakika chache baada ya hapo. Kwa hiyo chagua njia ya kutoka steji hadi ukumbini isiyopita mbele ya lokal yako, ile baa uliyoizoea, hata kama ni ndefu. Beba nauli ya kwenda na kurudi tu. Mvua ikinyesha nauli hupanda, ongeza kidogo hapo, ila usitembee na mshahara.

MwanaEastleigh

Mimi ni Muislamu. Kila mnachotaja ni kanisa. Nitaingia vipi, na nikionekana itakuwaje?

MshauriEastlands

Ndugu yangu, ukumbi umekodiwa au umeazimwa tu, AA haimo chini ya kanisa lolote. Hatua zenyewe husema Mungu "kadri tulivyomwelewa", na wapo wa dini zote na wasio na dini. Ukikuta kikundi kimegeuka ibada, na vipo ambavyo huteleza hivyo, badilisha kikundi. Sala ya kufunga unaweza kunyamaza, hakuna atakayekushika mkono kwa nguvu. Kuhusu kuonekana, uliza mkutano usio kwenye uwanja wa kanisa, ipo inayofanyika hospitalini na kwenye majengo ya ofisi, au anza na wa mtandaoni huku ukijenga imani. Na ule wa saa ya chakula cha mchana tao unakusaidia pia, kwa kuwa mtu kupita tao mchana hakumshangazi yeyote.

Nikiwa hapo niongeze la faragha ambalo wenyeji wa kikundi hulisahau. Ukiingizwa kwenye kundi la WhatsApp, namba yako, picha yako na jina lako vinaonekana na wote. Kabla ya kukubali, toa picha ya watoto na sare ya kazi, weka herufi moja badala ya jina. Vivyo hivyo ukituma mchango kwa M-Pesa, anayepokea huona jina ulilosajiliwa nalo. Ukitaka kubaki jina la kwanza pekee, weka sarafu kikapuni.

Wengine huja kwa sababu mwajiri amesema "leta barua". Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inahesabu ulevi kazini kuwa sababu ya kufutwa papo hapo ukikufanya ushindwe kazi, kwa hiyo naelewa haraka hiyo. Lakini AA haina rejista ya mahudhurio na haiandiki ripoti za maendeleo. Katibu akikubali anaweza kutia sahihi kadi yako kwamba ulikuwepo, hapo amefika mwisho wake. Ripoti ya maendeleo huandikwa na mshauri au hospitali. Kwa hiyo mkitaka barua, fungueni faili kwa mshauri, na mkutano uende sambamba.

MamaWatatu

Hamjambo. Mwenye shida ni mume wangu na hataki kusikia mkutano. Jirani ananiambia kuna dawa ya kutia kwa chai bila yeye kujua, atachukia pombe mwenyewe. Mnasemaje?

NesiWaZamu

Mama Watatu, tafadhali usiitie.

Hiyo mara nyingi ni disulfiramu. Inazuia mwili kumalizia kuvunja pombe, kwa hiyo sumu ya katikati inayoitwa asetaldehaidi inajaa. Aliyeimeza akinywa, anawaka uso, anatapika, moyo unaenda mbio na presha inaweza kuanguka. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kufa. Mgonjwa anayejua anaimeza hujiepusha. Huyu wako hajui, atakunywa kama kawaida, tena akijisikia vibaya ataongeza ya kutuliza. Daktari huitoa kwa aliyekubali, baada ya kupima ini na moyo, na angalau saa 12 tangu kinywaji cha mwisho, huku akimwonya hata dawa za kikohozi zenye kilevi. Na mara nyingine unga wa jirani si disulfiramu, na hakuna ajuaye ni nini.

BintiWaZiwani

Dada, na wewe una mkutano wako. Unaitwa Al-Anon, wa jamaa na marafiki wa walevi, ulianza 1951 huko Marekani. Hausubiri yeye akubali. Huko hawakufundishi kumwachisha, wanakusaidia usiendelee kulipa deni lake la baa, kumpigia bosi simu kwamba anaumwa, na kukesha dirishani. Uliza Al-Anon ukipiga ile 1192, au ingia mkutano wa wazi wa AA ukasikilize tu. Wasioweza kutoka na watoto wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, kuna washauri wa kuzungumza nao. Akikupiga au akitishia watoto, hapo suala la mkutano liweke kando kwanza, ondokeni mahali hapo.

KaraniWaJioni

Nirudi kwenye namba za simu, kwa sababu mkutano wa pili hutegemea hizo.

Chukua tatu, za watu wa jinsia yako. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu pekee, maana simu ya mlevi huibwa, huuzwa au huwekwa rehani. Piga moja kesho yake asubuhi ukiwa huna shida, useme tu "ni yule mgeni wa jana". Ukishapiga mara moja bila shida, kupiga siku ya shida hakuna aibu. Na upige kabla ya glasi, kwa sababu baada ya glasi kuna machache mtu anaweza kukufanyia kwa simu. Huna salio? Tuma ujumbe wa kuomba upigiwe, wamezoea.

Katika hao atatokea wa kukuongoza Hatua, yaani sponsa. Usikimbilie, sikiliza wiki kadhaa, chagua aliye na muda mrefu wa kutokunywa na ambaye maisha yake ya nyumbani yanaendana na anachosema.

Mambo mawili yakatae kuanzia siku ya kwanza. Kukopeshana pesa, hata mia mbili: mwenye deni hukwepa mkutano kwa aibu, na mdai hukwepa kwa hasira, kikundi kinapoteza wawili. La pili, dada zangu, mwanamume wa kikundi anayekutafuta usiku usiku "akuelekeze" wiki yako ya kwanza, mwambie hapana na mjulishe mama mzoefu wa kikundi. Si jambo la kuvumilia eti kwa kuwa mahali ni pa siri.

Umekunywa na leo ni siku ya mkutano? Nenda. Utaombwa usizungumze, ukae usikilize, na mtu akusindikize steji. Chupa ibaki nje.

DerevaUsiku

Wa zamu ya usiku je? Saa kumi na mbili jioni ndio naingia barabarani.

KaraniWaJioni

Dereva, wako ni wa mchana tao au wa mtandaoni. Ya mtandaoni ipo kila saa duniani, kwa sababu Nairobi ikiwa saa mbili asubuhi kuna nchi ambako ni jioni. Unaposhuka zamu asubuhi, kabla ya kufika mtaani ambapo baa ya kegi iko wazi kinyume cha sheria, egesha, vaa vipokea sauti, ingia. Badilisha jina kabla ya kubonyeza kuingia, Zoom huleta lile ulilosajilia akaunti. Zima kamera, bando itakaa muda mrefu zaidi. Ila weka angalau mmoja wa ana kwa ana kila wiki, siku yako ya mapumziko. Skrini haitagundua kwamba mikono yako inatetemeka.

FundiKayole

Na kama mtaani kwetu hakuna, tunaweza kuanzisha?

MshauriEastlands

Mnaweza. Walevi wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe, wasiofungamana na kitu kingine, ni kikundi tayari. Hakuna leseni ya kuomba. Lakini vikundi vya mtaani hufa kwa sababu zilezile, nazitaja ili mjiepushe.

Ufunguo. Mtu mmoja anao, siku moja anasafiri ushago, wageni wawili wanakuta kufuli na hawarudi tena. Ufunguo uwe kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Na siku ikishatangazwa mkutano ufanyike hata kama aliyekuja ni mmoja, akae saa nzima, kwa sababu mgeni anaweza kufika dakika ya arobaini.

Pesa. Fanyeni hesabu kabla ya kukubali ukumbi. Watu kumi wakiweka shilingi 50 ni 500 kwa mkutano, 2,000 kwa mwezi wa mikutano minne. Ukumbi wa 4,000 utawaua mwezi wa pili. Afadhali darasa la chekechea la 1,000 lenye viti vidogo, na 1,000 iliyobaki ni chai na vijitabu. Zitunzwe na mmoja, zihesabiwe na wawili, na isomwe mbele ya wote kila mwezi. Msipokee mchango wa diwani wala wa mwenye baa. Kikundi cha AA hujitegemea kwa michango ya wanachama wake, na atakayewalipia ukumbi leo kesho ataleta kamera na fulana.

Uongozi wa mkutano upokezwe kila baada ya miezi michache, bila kumbakiza mtu kwa sababu "anajua kusema". Mwanzo mwombeni mwanachama wa kikundi cha zamani, wa Umoja au wa tao, aje kila wiki miezi mitatu ya kwanza. Na mkishapata siku, saa na namba ya simu inayoshikwa, peleka taarifa hiyo AA Kenya, kwa karani wa parokia, kwa zahanati yenu na kwa chifu. Chifu ndiye ambaye familia humkimbilia kwanza, na mara nyingi hana pa kumwelekeza mtu ila seli.

FundiKayole

Darasa la chekechea lipo, mwalimu tunamjua. Jumamosi saa kumi?

MshauriEastlands

Jumamosi baa hufunguliwa saa nane mchana, Fundi. Wekeni saa saba na nusu.